Ucheshi na Mandhari ya Mbali katika Somo la Hadithi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulipangiwa kuwakagua wanachuo saba waliopelekwa katika shule za msingi za upande wa Mkolani, kusini ya mji wa Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Mmoja wao, kijana mwenye sauti nzuri na mwandiko wa kupendeza ubaoni, alikuwa akifundisha Kiswahili katika Darasa la Sita. Andalio lake la somo halikuwa na dosari: madhumuni yameandikwa, zana zimetajwa, hatua zimegawanywa kwa dakika. Siku hiyo somo lilikuwa utungaji, na mada aliyoichagua ilikuwa "Kisa cha Kuchekesha". Aliwataka watoto watunge kisa kifupi juu ya mtu mvivu au mlevi "wa mtaani kwetu", kisha watoto watano wasome visa vyao mbele ya wenzao.

Mvulana wa tatu alisoma habari za baba mmoja aliyerudi usiku kutoka kilabuni, akapotea mlango, akabisha hodi katika banda la mbuzi. Beberu alipotoa kichwa, yule baba alimwamkia kwa adabu, akamwomba radhi kwa kuchelewa, na akamwahidi kwamba kesho hatarudia. Kisa kilikuwa kimetungwa kwa ustadi usio wa kawaida kwa mtoto wa umri ule. Darasa zima liliangua kicheko. Mwanachuo alicheka. Na sisi tuliokaa nyuma na daftari la ukaguzi magotini, hatuna budi kukiri, tulicheka mpaka kalamu ikatuponyoka. Tulipoiokota tuliandika: "Darasa limechangamka. Mwalimu ametumia vema mazingira ya mwanafunzi." Tukampa alama ya juu kuliko zote tulizotoa wiki ile.

Kilichotupita ni dawati la pili karibu na dirisha. Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, alitungoja nje chini ya mwembe. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mkufunzi, mwanangu, na wewe umecheka?"

Tulijibu kwamba tumecheka, kwa kuwa kisa kilichekesha.

"Yule wa beberu ni baba wa yule binti aliyelaza kichwa juu ya dawati. Mtaa mzima unamjua. Mimi nilitaka kusimama nikatize, lakini nilipotazama nyuma nikamwona mkaguzi anacheka. Nikasema, basi, huenda ndiyo njia mpya."

Binti yule hakuonekana shuleni kwa siku nne.

Tumelisimulia jambo hili kwa kirefu kwa sababu kosa lake halikuwa la mwanachuo peke yake. Yeye alitenda kama tulivyomfundisha. Katika mihadhara yetu ya mbinu za kufundisha tunarudia kila muhula kwamba mwalimu hana budi kuanza na kinachojulikana kabla ya kwenda kwenye kisichojulikana, kuanza karibu kabla ya kwenda mbali. Katika hesabu, mtoto hushika vizibo na kokoto kabla ya kushika tarakimu. Katika jiografia, huchora ramani ya darasa, kisha ya shule, kisha ya kijiji, na ramani ya dunia huja baadaye. Kanuni hii ni nzuri, nasi hatukusudii kuibomoa. Lakini tulikuwa tukiifundisha kana kwamba ni amri ya masomo yote na ya kila hatua ya somo, na hatukuwahi kujiuliza kama kuna aina ya maandishi inayoikataa. Baada ya siku ile pale Mkolani tulijiuliza. Jibu tulilolipata ni kwamba hadithi ya kejeli aghalabu hufuata njia ya kinyume: huanza mbali, mbali sana ikiwezekana, kisha humwacha msomaji arudi karibu mwenyewe, kwa miguu yake, wakati wake, na akitaka asirudi.

Mfano tulio nao nyumbani ni Shaaban Robert. Wanachuo wengi hukutana na jina lake mapema, lakini wachache hujiuliza kwa nini mtu huyu, aliyeishi kuanzia mwaka 1909 hadi 1962 na kufanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, alipotaka kusema habari za utawala mbaya hakuziweka Tanga wala Dar es Salaam. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 aliipeleka nchi nzima angani. Kusadikika ni nchi iliyo angani, haimo katika ramani yoyote. Lakini ina mfalme, ina mawaziri, ina baraza, ina gereza. Kijana Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wasome sheria. Mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama akipewa nafasi ya kujitetea hajitetei kwa kujisifu, bali anasimulia siku baada ya siku habari za wajumbe sita ambao nchi hiyohiyo iliwatuma pande zote, za dunia, za juu na za chini, wakaenda kwa taabu, wakarudi na mambo ya manufaa, na nchi ikawatia gerezani kwa shukrani.

Hapo ndipo kilipo kichekesho cha kitabu, nacho ni kichekesho kizito. Serikali inatuma mjumbe, mjumbe anafaulu, kwa hiyo anafungwa. Msomaji akisikia mara ya kwanza husikitika. Mara ya pili hushangaa. Ikifika mara ya tatu na ya nne huanza kutikisa kichwa na kutabasamu, maana amekwisha jua mjumbe atafikia wapi kabla hajafunga mzigo wake wa safari. Marudio haya wahakiki wengine huyaona kuwa udhaifu wa kisanaa. Sisi twaona kuwa ndiyo mashine yenyewe ya kejeli: nchi isiyojifunza haina budi kuonyeshwa ikikosa kujifunza mara nyingi.

Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, nao Waingereza ndio waliotawala. Karani wa serikali hakuweza kusimama barazani na kusema kwamba watawala wanawaogopa wananchi wenye kujua sheria. Aliweza, hata hivyo, kuandika kwamba mambo hayo yametokea angani. Mtu wa serikali angesimama na kusema, "Hapa unatusema sisi," angekuwa amejishitaki mwenyewe, na angekuwa amekubali kuvaa kanzu ya Majivuno hadharani. Umbali wa mandhari ulikuwa ngao ya mwandishi. Lakini ulikuwa pia kioo kilichowekwa mahali ambapo mtazamaji hujisogeza mwenyewe.

Kufikirika kilikuwa na safari ndefu zaidi. Shaaban Robert alikiandika mwaka 1946, lakini kilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Humo nako tunapata nchi ya mbali, na mfalme aliyekosa mtoto. Waganga wa kila aina wanaitwa kwa makundi, kila kundi na ujuzi wake, kila kundi na ahadi zake, na kila kundi linashindwa likilipisha kundi jingine nafasi. Mtu aliyekwisha kukaa katika kamati yoyote atazitambua kurasa hizo. Na kitabu cha Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kinatuweka katika ufalme wa Rai, nchi iitwayo Ughaibuni. Jina hilo leo tunalitumia kila siku kwa ajili ya ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na Uarabuni, na wengi hawakumbuki kwamba lilikwisha kuwa jina la ufalme katika kitabu cha Kiswahili.

Baada ya kusema hayo, hatuna budi kuwaonya wanachuo. Msiingie Darasa la Sita na Kusadikika mkitegemea kicheko. Ucheshi wa Shaaban Robert ni wa mzee mwenye kanzu safi asemaye polepole. Watoto wa miaka kumi na miwili watapiga miayo, nao hawatakuwa na makosa. Majina yake pia yanasema yote mapema mno. Mtu akiitwa Majivuno, mtoto ameshapewa jibu kabla ya swali. Kitabu hicho msome ninyi, mkielewe, kisha mkiweke kabatini mpaka mtakapokutana na watu wazima.

Kwa watoto anafaa Abunuwasi. Mwenye jina hilo wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Khalifa Harun Rashid, yapata miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Jina lake lilisafiri na majahazi, na lilipofika pwani yetu ushairi wote ulikuwa umebaki njiani. Aliyeshuka bandarini alikuwa ni mjanja wa hadithi. Visa vyake vingine husimuliwa na Waturuki juu ya Nasreddin na na Waarabu juu ya Juha, wala si kazi ya mwalimu kuamua ni mali ya nani.

Chukueni kisa cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria ndani yake. Jirani akauliza, hiki nini? Akajibiwa, sufuria yako imezaa. Jirani, mtu mwenye akili timamu, akapokea mama na mtoto bila kubisha. Safari ya pili Abunuwasi aliazima sufuria kubwa zaidi na hakuirudisha. Jirani alipoifuata aliambiwa, pole sana, imekufa. Akapiga kelele kwamba sufuria haiwezi kufa. Akaulizwa kama inaweza kuzaa.

Hakuna mtoto wa Mkolani aliyeiona Baghdad. Lakini hakuna asiyeijua sufuria, hakuna asiyewahi kutumwa kuazima kitu kwa jirani, na hakuna asiyejua jinsi uso wa jirani unavyobadilika kitu kisiporudi. Hapo ndipo tulipoona kwamba kanuni yetu ya karibu na mbali haikuvunjwa, ila ilikuwa imegawanyika mahali tusipopajua: katika hadithi ya kejeli, vitu ndivyo viwavyo karibu, na mahali ndipo pawapo mbali. Sufuria iko jikoni kwetu. Mwenye tamaa yuko Baghdad. Mwanachuo wetu alikuwa ameviweka vyote viwili mtaa mmoja, na mwenye tamaa wake akawa na binti katika dawati la pili.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Swift, mwaka 1726, alipotaka kuwacheka wakubwa wa Uingereza aliwapunguza wakawa na kimo kisichofika inchi sita na kuwaweka katika kisiwa kisichojulikana na mabaharia. Waswahili walimsoma kwa lugha yao tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Polandi nako, Askofu Ignacy Krasicki alitoa mwaka 1776 kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kipolandi, na humo kijana mmoja mtapanya mali anavunjikiwa na chombo na kutupwa katika kisiwa cha Nipu, ambako watu wa kawaida, wasio na fedha wala mahakama, wanamwonyesha bila kukusudia jinsi nchi yake ilivyo ya ajabu.

Lakini kisa cha Kipolandi tunachokipenda zaidi, na ambacho tumekisimulia chuoni mara nyingi, ni cha Sławomir Mrożek, katika mkusanyo wake wa mwaka 1957 uitwao Tembo. Katika mji mmoja wa mkoani, usiotajwa jina, kuna bustani ya wanyama isiyo na tembo. Ina sungura elfu tatu, lakini sungura hawafanyi tembo. Serikali inapokubali kuwapa tembo, mkurugenzi wa bustani, mtu apendaye kupanda cheo, anaandika barua kwamba ili kuipunguzia nchi gharama wao watatengeneza tembo wa mpira na kumjaza hewa. Wafanyakazi wawili wanapuliza usiku kucha, wanachoka, wanaona bomba la gesi, wanamjaza gesi. Asubuhi wanamsimamisha na kuweka tangazo kwamba tembo huyu ni mzito, kutembea hapendi. Wageni wa kwanza ni wanafunzi na mwalimu wao. Mwalimu anasimama mbele ya tembo na kufundisha somo safi kabisa: uzito wake, chakula chake, jamaa zake. Upepo unavuma. Tembo anapaa. Anavuka ua, anaangukia mti wa miiba na kupasuka. Na wale wanafunzi, anasema mwandishi, tangu siku ile waliacha masomo, wakawa wahuni, na hawaamini tena kwamba kuna tembo.

Wanachuo hucheka hadi anapopaa tembo. Katika sentensi ya mwisho hunyamaza. Kila mmoja wao amekwisha kusimama mbele ya tembo wa mpira na kutaja uzito wake. Sisi huwakumbusha Kisiwa cha Saanane, hapa Mwanza, kilichofanywa bustani ya wanyama ya serikali mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Wengi wetu tuliovuka kwa mashua tukiwa watoto na mwalimu mwenye orodha ya majina tunajua hasa mahali ambapo mwalimu wa Mrożek alisimama. Wasomaji wa Polandi nao walijua. Nchi yao ilikuwa na ukaguzi wa maandishi, na mwandishi hakuitaja wizara wala mji. Alitaja tembo. Umbali wake si wa maili, ni umbali wa kutotaja jina.

Katika mjadala mmoja chuoni, mwanachuo kutoka Magu alitupinga, na alitupinga vizuri. Alisema: "Mkufunzi, kwetu Usukumani dhihaka haiendi mbali. Bagika na Bagalu wanapambana uwanja mmoja, wanatajana, wanasutana kwa nyimbo uso kwa uso, na watu wanafurahi. Mbona hakuna anayelaza kichwa juu ya dawati?" Hoja hiyo ilitushika. Mashindano ya ngoma ya pande hizo mbili ni mashuhuri, na atakayehudhuria sikukuu ya Bulabo pale Bujora mwezi wa Juni atajionea. Utani wa makabila nao hufanyika ana kwa ana, hata msibani.

Tulikaa na swali hilo kwa wiki mbili kabla ya kumjibu. Jibu letu lilikuwa hili. Uwanjani kila upande una manju wake. Anayesutwa leo ana wimbo wa kesho. Mtani anayetaniwa anajua kwamba zamu yake inakuja, na jamii nzima imeiweka zamu hiyo kuwa haki yake. Baba wa yule binti hakuwamo darasani, hakuwa na manju, hakuwa na zamu. Na binti hakuwa ameomba kupanda uwanjani. Kicheko cha karibu kinahitaji wanaolingana na uwezo wa kujibu. Pasipo uwezo huo, iwe kwa sababu mchekwaji ni mnyonge mno au kwa sababu mwenye kuchekwa ana nguvu mno na atamfunga anayecheka, ndipo hadithi inapofunga safari kwenda angani. Mwanachuo wa Magu alikubali nusu ya jibu hilo. Nusu ya pili bado anaidai, na yamkini ana haki.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Si kila mbali ni mbali kwa kila mtu. Henryk Sienkiewicz, mwandishi mkubwa wa Polandi, alifika Unguja na Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1911 akatoa riwaya ya watoto juu ya safari ya kutoka Misri na Sudani kuja upande wetu wa Afrika. Haikuandikwa kuwa kejeli, lakini kuna mahali inachekesha, na anayechekwa hapo ni kijana Mwafrika kwa usemi wake na mawazo yake. Kwa mtoto wa Warszawa ile ilikuwa nchi ya mbali, ya kubuni kama Nipu. Kwetu sisi ilikuwa nyumbani. Mandhari ya mbali yakiwa ni kwa watu wengine, kioo hugeuka kikawa dirisha la kuwachungulia majirani. Mwanachuo mmoja alituletea hadithi ya nchi ya wapumbavu, imetungwa vizuri, ila nchi yenyewe aliipa jina la nchi jirani yetu kabisa. Tulimwuliza katika darasa lake wapo watoto wangapi ambao bibi zao walizaliwa huko. Hakujua. Tulimrudishia andalio. Nchi ya kejeli iwe nchi ambayo hakuna mtu atokaye: angani, chini ya ziwa, ndani ya kichuguu, ng'ambo ya upinde wa mvua.

Tulimrudia mwanachuo wa Mkolani katika wiki ya nne. Tulikuwa tumekwisha kumwomba radhi, na alama tuliyompa hatukuibadili, maana isingekuwa haki kumtoza yeye kwa kicheko chetu. Mwalimu wa darasa alikuwa amekwenda mwenyewe nyumbani kwa binti, jioni mbili mfululizo, na siku ya tano binti akarudi. Walizungumza nini hatukuuliza.

Safari hii somo lilikwenda polepole. Kwanza aliwasimulia kisa cha sufuria bila kitabu mkononi. Walipocheka aliwaacha wacheke mpaka waishe, jambo gumu kwa mwalimu mgeni, ambaye kelele humtia hofu. Hakuuliza, "Kisa hiki kinatufundisha nini?" Tulikuwa tumemsihi asiulize. Swali hilo, likitoka mapema, humwondoa jirani Baghdad na kumketisha darasani, na kila mtoto huanza kutazama pembeni akitafuta nani mwenye tamaa. Badala yake aliuliza maswali ya ndani ya hadithi: kisufuria kile jirani alikiweka wapi? Alimwambia nini mkewe? Sufuria ya pili aliichagua vipi, na kwa nini akatoa iliyo kubwa? Swali hili la mwisho lilileta kimya, kisha mvulana mmoja wa nyuma akacheka peke yake, kwa kuchelewa. Mwanachuo hakumwuliza anachocheka nini. Hilo tuliliandika katika daftari kuwa ndilo jambo bora zaidi alilolifanya muhula mzima.

Kisha akawapa utungaji. Masharti yalikuwa mawili: nchi iwe haipo, na vitu vilivyomo viwe vile wanavyovishika kila siku. Aliwapa vipindi viwili, si kimoja, kwa kuwa kubuni nchi kunahitaji usiku katikati.

Binti wa dawati la pili aliandika nusu ukurasa juu ya nchi ambako mvua hunyesha usiku tu, ili nguo zikauke mchana. Aliusoma mwenyewe, amesimama wima. Haukuchekesha, na hakuna aliyecheka, naye akaketi kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Mvulana yuleyule wa beberu alikuwa ameandika kurasa mbili. Nchi yake ilikuwa chini ya ziwa. Watu wa huku wanajua kwamba sangara aliletwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kwamba furu, waliokuwa wa aina mamia, walipungua sana baada ya hapo; mtoto wa Mwanza hulisikia jambo hilo hata kabla ya kulisoma, kwa wanaouza samaki. Katika hadithi yake sangara aliitisha mkutano wa samaki wote ili kujadili amani. Alikuwa mwenyekiti, na aliomba mkutano uendeshwe kwa utaratibu, na kila mjumbe mwenye maoni asogee mbele ili asikike vizuri. Furu wa kwanza alisogea. Maoni yake yalipokelewa. Furu wa pili alisogea, na maoni yake yakapokelewa pia. Dagaa waliokuwa nyuma waliuliza mbona waliotoa maoni hawarudi kwenye viti vyao, wakajibiwa kwamba wako katika kamati. Mwisho wa hadithi ulikuwa ni muhtasari wa mkutano, umeandikwa kwa mistari kama muhtasari wa kweli: waliohudhuria mwanzoni, wengi, waliohudhuria mwishoni, mmoja, maazimio, yamepitishwa kwa kauli moja.

Darasa lilicheka. Mwalimu wa darasa alicheka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Siku hiyo mwalimu mmoja mwenye madaraka pale shuleni alikuwa ameingia kusikiliza, akiwa amesimama karibu na mlango na faili la vikao kwapani. Yeye hakucheka. Alingoja kicheko kipoe, akamtazama mvulana, akauliza:

"Huyu sangara ni nani?"

Mvulana alisimama, akaweka mikono nyuma.

"Ni samaki, Mwalimu."